Kuyafungua marejeleo ya mtafiti wa tiba

Kazi yangu katika maktaba ya kitivo cha tiba imenifanya niandae, kwa miaka mingi, taarifa za machapisho ya watafiti wanaoomba kupandishwa cheo, kupewa ufadhili au kupokewa katika jumuiya za kisayansi. Taarifa hizo hufanana sana. Zinaanza na idadi ya makala, kisha idadi ya mara ambazo makala hizo zimerejelewa na waandishi wengine, kisha kielezo h, yaani namba moja inayounganisha wingi wa makala za mtu na wingi wa marejeleo yake, na mwisho majina ya majarida pamoja na vipimo vyake vya athari, yaani wastani wa marejeleo ambayo makala za kila jarida hupata. Kamati huupokea ukurasa huo wa kwanza kwa shukrani, kwa sababu unaifupisha miaka ishirini au thelathini ya kazi ya mtu katika mistari michache, na mara nyingi kurasa zinazofuata hazifunguliwi. Naandika kuhusu ukurasa huo kwa sababu naamini unabebeshwa mzigo usioweza kuubeba, na kwa sababu katika tiba kosa la namna hiyo haliishii kwenye cheo cha mtu: mlolongo wa marejeleo ya kitabibu, ukiufuata hadi mwisho wake, humkuta mgonjwa kitandani.

Rejeleo linathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba mwandishi fulani aliitaja kazi ya mwenzake. Halisemi kama aliisoma yote au aliupata muhtasari wake mahali pengine, kama aliikubali au aliipinga, kama alijenga juu ya matokeo yake au aliazima kipimo cha maabara kilichoelezwa ndani yake. Mambo hayo yote yamo ndani ya sentensi inayolizunguka rejeleo, na sentensi hiyo haihesabiki. Inabidi isomwe. Mtu akitaka kujua kazi ya mtafiti wa tiba imefanya nini duniani, hana budi kuzifungua kazi zilizoirejelea na kutazama ilitajwa kwa ajili gani.

Msimamo huu ni mkongwe kuliko hesabu zenyewe. Eugene Garfield, Mmarekani aliyeanzisha faharasa ya marejeleo ya kisayansi, alieleza wazo lake katika makala iliyochapishwa na jarida la Science mwaka 1955. Alichopendekeza ni chombo ambacho kingemwezesha msomaji kuanzia kwenye makala ya zamani na kuzifikia makala zote zilizoitaja baadaye. Sababu aliyoitanguliza ilikuwa ya kulinda ukweli: alitaka wasomi waache kurejelea bila kuhoji data za udanganyifu, data pungufu au data zilizopitwa na wakati, na njia aliyoiona ni kumwezesha msomi makini kuuona ukosoaji uliokwisha kutolewa kabla hajaitegemea kazi husika. Taasisi yake ya Philadelphia ilianza kutoa Science Citation Index mwaka 1964, na kutokana na data hizo hizo kikazaliwa kipimo cha athari cha jarida, ambacho mwanzoni kilisaidia kuchagua majarida ya kuingizwa katika faharasa. Ripoti za kila mwaka za vipimo vya majarida zilianza mwaka 1975. Hivyo chombo kilichobuniwa ili watu wasome zaidi kilikuja kutoa tarakimu ambazo, mikononi mwa kamati zenye haraka, zinawaruhusu watu wasisome kabisa.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni barua fupi iliyochapishwa na New England Journal of Medicine mnamo Januari 1980. Ilikuwa na aya moja yenye sentensi tano. Waandishi wake wawili, Jane Porter na Hershel Jick, walikuwa wamepitia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini na kufuatiliwa katika mradi wa uchunguzi wa dawa wa Boston, na wakaripoti kwamba miongoni mwa wagonjwa 11,882 waliopewa angalau dozi moja ya dawa za kutuliza maumivu za jamii ya afyuni, walipata visa vinne tu vya uraibu vilivyothibitishwa vya kutosha kwa watu wasiokuwa na historia ya uraibu. Haikueleza kwa kina namna data zilivyokusanywa, wala wagonjwa walitumia dawa hizo kwa muda gani. Kwa barua ya ukubwa ule, iliyosema jambo dogo kuhusu wagonjwa waliokuwa wodini chini ya uangalizi, hakukuwa na ubaya wowote.

Ubaya ulianza kwa wale walioirejelea. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Kanada lilifanya kile ambacho Garfield alikitarajia: lilizitafuta kazi zote zilizoitaja barua hiyo na kuzisoma moja baada ya nyingine. Lilikuta marejeleo 608, ilhali barua nyingine zilizochapishwa na jarida hilo katika kipindi kile zilikuwa na kiwango cha kati (median) cha marejeleo 11. Waandishi wa kazi 439 kati ya hizo 608, yaani asilimia 72.2, waliitumia barua ile kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa wagonjwa wanaotibiwa kwa dawa za afyuni. Waandishi wa kazi 491, yaani asilimia 80.8, hawakutaja kwamba wagonjwa waliozungumziwa walikuwa wamelazwa hospitalini. Marejeleo yaliongezeka kwa kasi baada ya OxyContin, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, kuingia sokoni katikati ya miaka ya 1990, wakati madaktari wa Amerika ya Kaskazini walipokuwa wakihakikishiwa kwamba wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu wanaweza kupewa dawa hizo wakiwa majumbani mwao bila hofu. Kilichofuata kinajulikana: janga la uraibu na vifo ambalo bado halijaisha. Watafiti wale walihitimisha kwamba barua ya sentensi tano, iliyorejelewa sana na bila kuhojiwa, ilichangia katika janga hilo, na jarida likaweka juu ya barua hiyo ilani inayowatahadharisha wasomaji kuhusu matumizi yake.

Tuifikirie barua hiyo ikiwa katika orodha ya machapisho ya mwombaji wa cheo. Ingeonekana inang'aa: aya moja, marejeleo zaidi ya mia sita, jarida lenye heshima kubwa kuliko karibu yote katika tiba. Hakuna tarakimu yoyote katika ukurasa wa kwanza ambayo ingemwonyesha mjumbe wa kamati kwamba sehemu kubwa ya marejeleo hayo ni marejeleo ya watu ambao hawakuisoma vizuri. Na waandishi wa barua hawakuwa wametenda kosa. Mara nyingi tunazungumza kana kwamba tatizo la marejeleo ni udanganyifu, wakati sehemu kubwa zaidi ni uvivu wa kawaida wa watu waungwana wanaonakili rejeleo kutoka makala moja hadi nyingine.

Kipimo cha athari cha jarida kinaongeza utata mwingine, na hapa sitakaa sana kwa sababu hoja zake zimekwisha kuelezwa na wengi. Hesabu yake ni rahisi: huchukuliwa idadi ya marejeleo yaliyopatikana katika mwaka fulani kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, na kugawanywa kwa idadi ya makala za utafiti na mapitio zilizochapishwa katika miaka hiyo miwili. Ni wastani, na wastani wa kitu ambacho hakijagawanyika sawa. Per Seglen wa Norwei aliandika katika jarida la tiba la BMJ mwaka 1997 kwamba katika majarida aliyoyachunguza, asilimia 15 ya makala zilikuwa zimechukua nusu ya marejeleo yote. Kwa hiyo mtu anayesema makala yake ni bora kwa kuwa imetokea katika jarida lenye kipimo kikubwa anajisifia marejeleo ya majirani zake. Jarida la CA, linalotolewa na jumuiya ya saratani ya Marekani, limekuwa kwa miaka kadhaa likiongoza kwa kipimo kinachozidi 200, na sababu kubwa ni kwamba huchapisha takwimu za saratani ambazo kila mwandishi wa makala ya saratani anazihitaji katika sentensi yake ya kwanza. Kipimo cha The Lancet kilipanda kutoka takriban 79 hadi zaidi ya 202 katika ripoti ya mwaka 2021, baada ya janga la UVIKO-19 kuzifanya makala chache za mwanzo, ikiwemo ile iliyoeleza wagonjwa 41 wa Wuhan, zirejelewe na karibu kila aliyeandika kuhusu ugonjwa huo. Daktari aliyechapisha humo utafiti wa figo mwaka ule hakuwa bora mara mbili na nusu kuliko aliyetangulia mwaka mmoja kabla yake.

Kielezo h kilikuja baadaye, mwaka 2005, kutoka kwa mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mtafiti ana kielezo cha 20 ikiwa makala zake 20 zimerejelewa angalau mara 20 kila moja. Wazo hilo lilipendwa kwa kuwa linazuia makala moja iliyovuma isimbebe mtu ambaye hajafanya kingine, na pia linazuia wingi wa makala zisizosomwa na yeyote. Lakini tazama kinachotokea pembezoni mwake. Mtafiti aliyeandika makala kumi, kila moja ikarejelewa mara kumi, ana kielezo cha 10. Aliyeandika makala tano, kila moja ikarejelewa mara elfu mbili, ana kielezo cha 5, na hata makala hizo zikifikisha marejeleo elfu kumi kila moja, kielezo chake hakisogei. Kielezo hiki hakishuki kamwe, kwa hiyo kinampendelea aliyeanza mapema na kumsahau aliyesimama kwa miaka kadhaa kwa sababu ya uzazi, ugonjwa au zamu za wodini. Kinabadilika pia kulingana na hifadhidata: mtu huyo huyo, siku hiyo hiyo, huwa na kielezo kimoja katika Web of Science, kingine katika Scopus na kingine kikubwa zaidi katika Google Scholar, ambayo hukusanya hata tasnifu, ripoti na makala zisizopitiwa na wataalamu. Nimeona waombaji wawili wakilinganishwa huku namba zao zimetoka katika hifadhidata tofauti, na hakuna aliyeuliza.

Isitoshe, fani za tiba hazifanani. Anayetafiti magonjwa ya moyo ana wenzake wengi mno wanaoandika kila wiki, hivyo hata makala yake ya kawaida hupata marejeleo. Anayetafiti ugonjwa wa nadra ana wasomaji wachache duniani, na marejeleo arobaini kwake yanaweza kumaanisha kwamba kila aliyestahili kuisoma kazi yake ameisoma. Ulinganisho wa haki, kama hapana budi kulinganisha, huiweka makala kando ya makala nyingine za fani hiyo, za mwaka huo na za aina hiyo, kisha huuliza kama imo katika asilimia kumi ya juu. Mapitio hulinganishwa na mapitio, kwa kuwa hurejelewa zaidi ya ripoti za utafiti asilia. Miongozo na tafiti za takwimu za magonjwa duniani nazo zina daraja lao.

Swali la nani hasa alifanya kazi ni gumu zaidi katika tiba kuliko mahali pengi. Majaribio makubwa ya kitabibu na tafiti za jeni huwa na waandishi kwa mamia, na hifadhidata humpa kila mmoja wao hesabu nzima ya marejeleo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyoanzia mkutano wa Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika ubunifu wa utafiti au katika data na uchambuzi wake, awe ameandika au ameirekebisha rasimu kwa namna yenye uzito wa kitaaluma, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi yote. Yote manne yanahitajika kwa pamoja. Desturi nayo ina lugha yake: wa kwanza ndiye aliyeibeba kazi, wa mwisho ndiye aliyeiongoza, na wa katikati ni lazima asomewe maelezo ya michango, ambayo majarida mengi sasa huyachapisha mwishoni mwa makala. Mimi huanza na maelezo hayo kabla ya kutazama tarakimu yoyote. Mtu mwenye makala mia tatu ambaye hajawahi kuwa wa kwanza wala wa mwisho huenda ni mtakwimu hodari aliyeziokoa tafiti mia tatu, na huenda ni mkuu wa idara aliyezoea kuongezwa jina. Hesabu haiwatenganishi watu hao wawili.

Zipo pia kazi zinazorejelewa kwa sababu ni vifaa. Makala iliyorejelewa kuliko zote katika historia ya sayansi ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza njia ya kupima kiasi cha protini katika kimiminika. Imetajwa zaidi ya mara 300,000. Lowry mwenyewe alikiri kwamba haikuwa kazi yake kubwa, ingawa hakuficha kwamba mapokezi yake yalimfurahisha. Sioni sababu ya kuidharau kazi ya namna hiyo. Maabara nyingi za tiba zilisimama juu yake, na mtu anayewapa wenzake kipimo kinachofanya kazi amewapa kitu kikubwa. Ninachosema ni kwamba huo ni mchango wa aina tofauti na ugunduzi wa chanzo cha ugonjwa, na anayesoma sehemu ya mbinu katika makala zinazorejelea ataitambua tofauti hiyo mara moja.

Upande wa pili wapo waliosubiri. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala katika hospitali ya Mulago, alichapisha mwaka 1958 katika British Journal of Surgery maelezo ya uvimbe wa saratani uliokuwa ukiyashambulia mataya ya watoto. Jarida lilikuwa la wapasuaji, na watu ambao wangeitumia taarifa ile zaidi hawakuwa wapasuaji. Makala haikuvuma. Burkitt aliendelea kuchora ramani ya mahali uvimbe ule ulipotokea, akaona kwamba ulifuata maeneo ya joto na mvua, na mwaka 1961 akatoa mhadhara London katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi vinavyosababisha uvimbe katika kuku, ambaye alihisi mara moja kwamba saratani inayofuata ramani ya joto na mvua huenda ina kisababishi cha kuambukiza. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza katika The Lancet kwamba wameona virusi ndani ya chembe za uvimbe ule. Hivyo ndivyo vilivyokuja kuwa virusi vya kwanza vya binadamu kuhusishwa na saratani. Kamati ambayo ingemtathmini Burkitt kwa marejeleo ya mwaka 1960 ingekuta karibu patupu. Athari yake ilipita kwenye sikio la mtu mmoja ukumbini, njia ambayo hakuna hifadhidata inayoirekodi.

Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005, katika jarida la Immunity, ugunduzi kwamba kubadilisha kiungo kimoja katika RNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, kunaizuia isiamshe kinga ya mwili kwa ukali. Kwa miaka kadhaa makala hiyo haikupewa uzito unaolingana nayo, na Karikó alikuwa amekwisha kushushwa cheo kwa kukosa ufadhili. Chanjo za RNA zilizotumika dhidi ya UVIKO-19 kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 zilitegemea wazo hilo, na Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 2023. Mfano wa Tu Youyou, mtafiti wa China, unakwenda mbali zaidi: taarifa ya kwanza kuhusu muundo wa artemisinini, dawa iliyobadilisha tiba ya malaria, ilichapishwa kwa Kichina mwaka 1977 bila majina ya watafiti binafsi, kwa hiyo hapakuwa hata na jina la kuandikiwa marejeleo. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015.

Marejeleo ya kupinga yanastahili neno lake. Makala ya mwaka 1998 ya Andrew Wakefield na wenzake katika The Lancet, iliyotokana na watoto 12 na kudokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji, ilikanwa tafsiri yake na waandishi wenza kumi mwaka 2004 na kufutwa kabisa na jarida mwaka 2010. Imerejelewa zaidi ya mara elfu moja, na marejeleo mengi ni ya kuikosoa. Katika hesabu, kila ukosoaji uliongeza moja. Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba makala zilizofutwa huendelea kurejelewa kama kazi hai, na waandishi wanaofanya hivyo mara nyingi wamenakili rejeleo kutoka orodha ya zamani bila kurudi kwenye ukurasa wa jarida, ambako ilani ya kufutwa imewekwa wazi.

Kujirejelea ni suala jepesi kuliko linavyofanywa. Mtafiti anayeendeleza kazi yake ana haki ya kuitaja, na angekuwa anamficha msomaji jambo la maana kama asingeitaja. Mwaka 2019 kundi la John Ioannidis wa Stanford lilitoa data za watafiti wapatao 100,000 waliorejelewa zaidi duniani, na kiwango cha kati cha kujirejelea kilikuwa asilimia 12.7. Lakini angalau watafiti 250 walipata zaidi ya nusu ya marejeleo yao kutoka kwao wenyewe au kwa waandishi wenza wao. Kiwango hicho hakithibitishi hila, ila kinatosha kumfanya mtu azifungue kazi hizo na kutazama.

Sasa nieleze namna ninavyofanya, kwa kuwa huulizwa mara kwa mara na vijana wanaoandaa maombi yao ya kwanza. Namwomba mtafiti achague kazi zake chache anazoziona ndizo zenye uzito, na aandike kwa maneno yake kila moja iligundua nini na ilibadilisha nini. Azimio la San Francisco la mwaka 2013, ambalo taasisi nyingi zimelitia saini, linataka utafiti utathminiwe kwa maudhui yake na kipimo cha jarida kisitumike kama mbadala wa ubora wa makala. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 inasisitiza kwamba takwimu ziunge mkono hukumu ya wataalamu, na kwamba mtafiti aruhusiwe kuhakiki data zinazomhusu. Baada ya hapo nazifungua kazi zilizorejelea makala hizo chache. Natafuta kwanza mapitio ya kimfumo, yaani makala zinazokusanya na kupima tafiti zote za swali moja, kwa sababu waandishi wake hulazimika kupima ubora wa kila utafiti wanaouingiza, na majedwali yao huonyesha kama kazi ya mtafiti wetu ilihesabiwa kuwa imara, dhaifu au haifai. Kutengwa katika mapitio ya namna hiyo ni taarifa yenye thamani kuliko marejeleo hamsini ya utangulizini.

Kisha natafuta miongozo ya matibabu. Hapa hifadhidata hutuangusha, kwa kuwa miongozo mingi hutolewa na wizara, vyama vya madaktari au Shirika la Afya Duniani kama nyaraka zinazojitegemea, na marejeleo yaliyomo humo mara nyingi hayaingizwi katika hesabu. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilipoonyesha mnamo Juni 2020 kwamba dawa ya deksamethasoni inapunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, matibabu yalianza kubadilika kabla makala kamili haijachapishwa. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland na kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania, lilionyesha mwaka 2011 kwamba kuwapa haraka maji mengi ya mishipani watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu kunaongeza vifo: takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiopewa. Jaribio hilo lilirejelewa sana tangu mapema, lakini miongozo ilichukua miaka kuafikiana nalo. Marejeleo yalikimbia, mazoea ya wodini yakabaki nyuma. Mtu anayetaka kujua athari ya kazi kama hiyo lazima azisome hesabu na miongozo kwa pamoja, na atazame tarehe.

Kazi hii inachukua muda, na hilo ndilo pingamizi ninalolisikia mara nyingi kutoka kwa kamati. Waombaji ni wengi, wajumbe wana wagonjwa wanaowasubiri, na maktaba haina watu wa kutosha. Ni pingamizi la kweli. Kwa wanaobanwa hivyo, ushauri wangu ni kwamba wasijaribu kusoma kila kitu. Wachukue makala moja tu kwa kila mwombaji, ile aliyoichagua yeye mwenyewe, waondoe katika orodha ya marejeleo kazi za waandishi wenza wake, na waanze na zile zinazotoa data mpya na kulitaja rejeleo katika sehemu ya matokeo au ya mjadala, ambako mwandishi hulazimika kusema kama alichokiona kinakubaliana na kilichoripotiwa au kinakipinga. Zile zinazolitaja katika sentensi ya kwanza ya utangulizi zinaweza kusubiri.